Mas-ala ya Miaka Alfu: Waitakidivyo Manasara Juu ya Kurejea kwa Masihi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu kadha wa kadha wametuuliza mas-ala moja, nayo ni hii: Manasara wasemao kwamba Nabii Isa atarejea na kutawala duniani miaka alfu, wameyatoa wapi maneno hayo? Na je, Manasara wote waitakidi hivyo? Wenye kuuliza wengi wao ni watu wakaao na Manasara sokoni na kazini, wakazungumza nao barazani, na mara nyingi mazungumzo hayo huishia kwa makelele, kwa kuwa kila mmoja husema asilolijua katika dini ya mwenziwe. Basi tumeona yapasa kulieleza jambo hili kwa insafu. Kwani mwenye kumzulia mtu itikadi isiyokuwa yake amemdhulumu, na dhuluma ni haramu hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Wazee wetu wamesema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

SOMO LA KWANZA
Asili ya maneno haya

Jueni ya kwamba kitabu cha mwisho katika Agano Jipya la Manasara huitwa Ufunuo wa Yohana. Kitabu hiki ni cha ruya, nacho kimejaa mifano: wanyama wenye vichwa vingi, na mihuri, na baragumu, na hesabu. Katika mlango wake wa 20 imo khabari ya malaika ashukaye na mnyororo, akamfunga Shetani na kumtupa shimoni miaka alfu. Na wale waliouawa kwa ajili ya dini yao wakahuika, wakatawala pamoja na Masihi muda wa miaka hiyo. Ikiisha, Shetani hufunguliwa, naye huwakusanya Gogu na Magogu, ndio hao sisi tuwaitao Yajuju na Majuju. Kisha moto huwashukia kutoka mbinguni, na baada yake ndiyo hukumu ya viumbe wote.

Miaka hiyo alfu imetajwa mara sita katika aya chache za mlango huo mmoja. Na jambo la kuzingatia ni hili: ufalme wa miaka alfu hautajwi kwa hesabu hiyo mahali pengine popote katika Agano Jipya, Injili zote nne hazina. Basi mas-ala yote yamesimama juu ya mlango mmoja wa kitabu cha ruya, na hii ndiyo sababu wakuu wa dini yao wamekhitilafiana mno katika kuufasiri.

SOMO LA PILI
Madhehebu yao matatu

Wa kwanza ni wale wachukuao maneno kwa dhahiri yake. Hao husema: Masihi atarejea kwanza, kisha ndipo miaka alfu ianzapo, naye atatawala hapa hapa duniani kwa haki na amani. Itikadi hii ni ya kale. Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi ya Ufaransa, aliifundisha katika kitabu chake alichokiandika karibu na mwaka 180. Na kabla yake Justin, aliyeuawa Rumi kwa ajili ya dini yake, aliandika kwamba yeye naye yu katika itikadi hiyo na kwamba Yerusalemu utajengwa tena. Walakini alikiri papo hapo kwamba wako Manasara wengi wenye dini safi wasioikubali. Basi angalieni: khitilafu hii haikuzuka jana, ilikuwako tangu karne yao ya pili.

Katika zama za karibu njia hii ilihuishwa na John Nelson Darby (1800–1882), akazidisha neno: kwamba kabla ya dhiki kuu Masihi atawanyakua wafuasi wake kutoka duniani. Mafundisho hayo yakaenea sana kwa Biblia yenye sherehe za Scofield, iliyopigwa chapa mwaka 1909. Wahubiri wengi wa Kipentekoste, wanaosikika leo wakihubiri viwanjani, wamefuata njia hii au iliyo karibu nayo.

Wa pili ni wale wasemao kwamba alfu si hesabu bali ni mfano. Mkubwa wao ni Augustine, askofu wa Hippo, mji wa pwani ya Maghribi katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyekufa mwaka 430. Yeye mwenyewe amekiri katika kitabu chake Mji wa Mungu kwamba hapo kwanza alikuwa katika rai ile ya dhahiri, kisha akaiacha. Akafasiri kwamba miaka alfu ni zama zote za kanisa lao, tangu kuja kwa Masihi mara ya kwanza hata atakaporejea. Na atakaporejea hapana ufalme wa dunia tena, bali ni kufufuliwa na hukumu. Kanisa la Rumi limeshika njia hii, hata mwaka 1944 lilitoa hukumu kwamba fundisho la Masihi kuja kutawala duniani kwa macho kabla ya Siku ya Hukumu si la kufundishwa kwa salama. Kanisa la Mashariki limo humo, na Waluteri pia waliyakataa mafundisho ya ufalme wa dunia katika ungamo lao la mwaka 1530.

Wa tatu husema kinyume cha wa kwanza: kwamba Masihi atarejea baada ya miaka alfu. Kwa rai yao, dini yao itaenea na dunia itatengenea kidogo kidogo, hata ifikie zama ndefu za kheri, na mwisho wake ndiyo kurejea kwa Masihi. Jonathan Edwards (1703–1758) wa Marekani alikuwa katika rai hii, nayo iliwatia hima wamisionari wengi wa karne ya 19. Ilipokuja vita vya mwaka 1914 na watu wakachinjana kwa mamilioni, wengi waliokuwa wakiamini kwamba dunia yatengenea walivunjika moyo, na rai hiyo ikapungua nguvu.

Fauka ya hayo wako Wasabato, waliofika milima ya Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Ziwa Nyanza, mwaka 1906. Wao husema miaka alfu itapita wao wakiwa mbinguni na Masihi, na dunia itakuwa tupu, hana mtu ndani yake ila Shetani. Basi mwenye kusema barazani kwamba Manasara wote wangojea ufalme wa miaka alfu wa duniani amekosa. Makanisa yao yaliyo makubwa kwa idadi ya watu hayafundishi hivyo.

SOMO LA TATU
Waliothubutu kuweka tarehe

Khitilafu ya kufasiri ni jambo la wanavyuoni, wala halimdhuru mtu akiwa na adabu. Lililodhuru ni kutaja siku. Na Injili ya Marko, katika mlango wake wa 13, imeeleza waziwazi kwamba siku hiyo na saa hiyo hapana aijuaye, si malaika wala Mwana, ila Baba peke yake. Lakini wako waliohesabu juu ya hayo.

Mwaka 1534 kundi la watu liliushika mji wa Münster katika nchi ya Ujerumani. Kiongozi wao, Jan Matthys, aliwaambia kwamba hukumu itashuka Pasaka ya mwaka ule. Siku ilipofika alitoka nje ya boma na watu wachache, akauawa. Badala yake akasimama Jan wa Leiden, akajifanya mfalme, na watu wake wakazingirwa hata wakafa njaa. Mji ulianguka mwaka 1535, na wakubwa wao wakauawa mwaka 1536. Matundu ya chuma yaliyotiwa maiti zao yangali yakining'inia katika mnara wa kanisa la mji ule hata leo.

Baadaye Bengel, mwanachuoni wa Württemberg aliyekufa mwaka 1752, alipiga hesabu ikamtokea mwaka 1836. Mwaka ukapita. Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa mzaliwa wa nchi hiyo hiyo. Na mwaka ule ule wa 1844, huko Marekani, maalfu ya wafuasi wa mkulima mmoja jina lake William Miller walikesha wakimngojea Masihi tarehe 22 Oktoba, kwa hesabu waliyoitoa katika kitabu cha Danieli. Wako walioacha mavuno yao shambani. Kukacha, wakalia. Katika mabaki ya kundi hilo ndimo walimotoka Wasabato, ambao hawaweki tarehe tena.

Kisha akaja Charles Taze Russell na wafuasi wake wa Mnara wa Mlinzi, wakaushika mwaka 1914. Khabari hii ilifika Afrika: mwaka 1908 na 1909 Elliot Kamwana aliihubiri Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, akabatiza maalfu ya watu, hata serikali ya Kiingereza ikamhamisha. Mapote yaliyotokana na mafundisho hayo yakaitwa Kitawala, yakaenea hata Kongo. Mwaka 1914 ukaja na vita, wala ufalme wa duniani haukuonekana. Wakubwa wa Mnara wa Mlinzi wakautaja tena mwaka 1925, kwamba Ibrahimu na Is-haka na Yaakubu watafufuliwa, nao ukapita.

Na msiba mkubwa umetushukia hapa petu. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, upande wa Malindi, serikali ya Kenya ilianza kufukua makaburi, na miili iliyotolewa ilizidi 400, na watoto wamo. Walionusurika wamesimulia kwamba watu walihimizwa kufunga wasile hata wafe, ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Ndugu zangu, lisimcheke Mwislamu jambo hili, wala asilifanye hoja ya kushindia barazani. Wale walikuwa jirani zetu, na watoto wale hawakuchagua. Makanisa yenyewe yalililaani tendo hilo. La kufanya ni kujifunza lililowafikisha pale: ni mtu kuwaambia wenziwe kwamba ameijua siku, nao wakamwamini.

SOMO LA NNE
Itikadi yetu, na tahadhari yetu

Ama sisi, jumhuri ya maulamaa wetu waamini kwamba Nabii Isa, alayhi ssalam, atashuka kabla ya Kiyama, kwa hadithi zilizopokewa kwa njia nyingi, na baadhi yake zimo katika Bukhari na Muslim. Atashuka katika mnara mweupe upande wa mashariki ya Damaski, atamuua Dajjali katika mlango wa Luddi, na katika zama zake Yajuju na Majuju watatoka na kuangamia. Atahukumu kwa sharia ya Mtume wetu, kisha atakufa kama wafavyo wanadamu, na Waislamu watamsalia. Hii ndiyo tofauti kubwa baina yetu na Manasara: wao wamngojea kama Mola, sisi twamngojea kama mja na mtume. Na muda wa kukaa kwake si miaka alfu: katika riwaya ya Abu Daud ni miaka 40, na katika Muslim imetajwa 7. Baadhi ya maulamaa, kama Ibn Kathir, wamezipatanisha kwamba 33 ni ya umri wake kabla ya kupaazwa, na 7 ni ya baada ya kushuka.

Je, na kwetu hawakutoka wenye kutaja siku? Wametoka. Mwaka 1908, zama za Mjerumani, ilienea pwani ya kusini ya Tanganyika, upande wa Lindi, barua iliyosemwa kwamba imetoka Makka, ikiwatisha watu kuwa Kiyama ki karibu. Watu wakainakili na kuipitisha kwa khofu, na serikali ikaingiwa na wasiwasi wa fitina. Barua za namna hiyo, zenye ruya ya mtu asiyejulikana na vitisho kwa asiyezipitisha, zingali zikipita hata leo katika simu za mkononi. Na tarehe 1 Muharram 1400, ndiyo 20 Novemba 1979, watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka wakidai kwamba Mahdi yu pamoja nao. Damu ikamwagika katika Haram kwa muda wa wiki mbili, na huyo aliyeitwa Mahdi akauawa humo humo.

Suali: Kama Isa atashuka, je, si vema kuzihesabu alama ili tujue wakati?
Jawabu: Hapana. Kurani imebainisha kwamba ujuzi wa Saa uko kwa Mola peke yake. Na Jiburilu alipomuuliza Mtume juu ya Saa, alimjibu kwamba mwenye kuulizwa hana ujuzi kumzidi mwenye kuuliza. Madhali Mtume hakudai ujuzi huo, ni nani baada yake atakayeudai?

Suali: Mnasara akinijia na mas-ala ya miaka alfu, nimwambie nini?
Jawabu: Muulize kwanza yeye yu katika njia ipi, umsikilize, kisha umweleze itikadi yako kwa upole. Na ukisikia kwamba ametajiwa siku, mkumbushe mlango ule wa 13 wa Marko, huenda ukamwokoa.

Suali: Na nikiletewa barua au ruya yenye kutaja siku, na aliyeileta ni Mwislamu mwenzangu?
Jawabu: Usiipitishe. Irejeze kwa mwanachuoni unayemwamini, wala usiogope vitisho vyake. Na ukiona mtu auza shamba lake, au awatoa wanawe chuoni, au ajizuilia chakula kwa khabari ya siku iliyotajwa, usinyamaze; waambie jamaa zake na wakubwa wa mji kabla mambo hayajaharibika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kujitayarisha kwa Saa kwa amali njema, si katika wenye kuitafutia tarehe. Na awape subira waliofiwa, wa dini yetu na wa dini nyingine. Wallahu aalam.