Tuokoe Sauti Zetu: Jinsi ya Kunakili CD Iliyokwaruzika



Somo letu la mara hii ni kuhusu kuhamisha nyimbo na sauti kutoka kwa CD hadi kwenye kompyuta. Vikundi vingi hapa Kisumu na kandokando ya ziwa vilirekodi kwaya, nyimbo za nyatiti na maneno ya wazee wakati CD zilikuwa ndizo mtindo. Leo CD hizo zimelala kabatini zikishika vumbi, na kompyuta mpya nyingi hazina hata mahali pa kuzitia.

Yaliyotupata

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Seme kilitualika kwenye mkutano wa mwaka. Walitaka wanachama wapya wasikie sauti ya mama aliyekianzisha kikundi, ambaye alikuwa ameshafariki. Sauti hiyo ilikuwa kwenye CD moja tu. Tulimtuma kijana ainakili kwenye flashi. Kompyuta ikamwambia kazi imekwisha, naye akaamini.

Siku yenyewe, mama alipoanza kueleza jinsi walivyochanga shilingi za kwanza, spika zikaanza kulia ta-ta-ta, kisha kimya. Akina mama wakatazamana. Kumbe kijana hakusikiliza kabla ya kuja. Lakini na sisi hatukumwambia asikilize, kwa hivyo lawama tuligawana. Bahati nzuri CD yenyewe haikuwa imetupwa.

Kwa nini makosa hutokea?

CD za nyimbo zilianza kuuzwa mwaka 1982. Sauti imeandikwa ndani kwa vialama vidogo sana, kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje, na mwanga wa leza ndio unaovisoma. Kila sekunde ya sauti imepimwa mara 44,100, upande wa kushoto na wa kulia. Pamoja na hesabu hizo kuna alama za ziada za kusahihisha, ndiyo maana mkwaruzo mdogo hausikiki. Mkwaruzo ukiwa mkubwa, alama hizo hazitoshi.

Fikirieni katibu anayesoma kitabu cha kumbukumbu kilicholiwa na mchwa. Akifika kwenye tundu, anakisia neno na kuendelea, na wasikilizaji hawajui. Redio ya CD hufanya vivyo hivyo: hukisia sauti iliyopotea kutokana na ile ya kabla na ya baada yake. Kwa kusikiliza tu, si vibaya. Lakini tukinakili, makisio hayo huandikwa kana kwamba ni kweli.

Tena kuna tofauti moja. CD ya barua na picha ina ulinzi wa pili, na isiposomeka kompyuta hukataa na kusema. CD ya nyimbo haina ulinzi huo. Kompyuta inaweza kunakili makosa na isiseme lolote.

Hatua za kufuata

1. *Chunguza.* Shika CD kwa ukingo na uielekeze kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, ile rangi ya fedha imebanduka. Hapo hakuna programu itakayorudisha kilichokuwepo. Watu wengi hulinda upande wa chini tu, lakini upande wenye maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa sababu sauti iko chini tu ya rangi hiyo. Usiandike hapo kwa kalamu ya ncha kali, wala usibandue karatasi iliyogandishwa.

2. *Safisha.* Tumia maji safi, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha pamba. Futa kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mstari wa sauti ndio mbaya kuliko unaoukata. Petroli, mafuta ya taa na thina zikae mbali. Dawa ya meno hukwaruza. Usiijaribu kwenye CD ambayo ni moja tu.

3. *Tumia programu inayosoma zaidi ya mara moja.* Tunahesabuje pesa za chama? Mweka hazina huhesabu, mwingine huhesabu tena, na wakikubaliana ndipo tunaandika. Programu ya Exact Audio Copy ya kompyuta za Windows hufanya hivyo, na haiuzwi. Ikiwekwa kwenye hali yake ya usalama, husoma kila kipande angalau mara mbili. Majibu yakitofautiana, hurudia hata kufikia mara 82 ikitafuta jibu linalojirudia. Ikishindwa, hukuandikia mahali penye shaka. Kwenye Linux kuna cdparanoia.

Angalieni jambo moja. Vyombo vingine vya kusomea CD hukumbuka jibu la kwanza na kulirudia bila kusoma upya, kama mtu anayetaja hesabu ya jana bila kugusa pesa. Exact Audio Copy ina nafasi ya kupima chombo chako kama kina tabia hiyo. Kipimeni kwanza.

4. *Punguza mwendo, badilisha chombo.* CD mbaya husomeka vizuri zaidi pole pole. Pia vyombo havilingani: kinachoshindwa na hiki huenda kikasomwa na kile cha jirani. Kama mwanachama mwingine ana nakala ya CD hiyo hiyo, ileteni. Wimbo ulioharibika kwako huenda ni mzima kwake.

5. *Sikiliza yote.* Hasa mahali palipoandikwa kuwa na shaka. Neno "imekwisha" si sawa na "imefaulu".

6. *Hifadhi vizuri.* Weka nakala kuu kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa sauti yoyote. Za kutumiana kwa simu zinaweza kuwa MP3. Nakala kuu ikae mahali pawili, nyumba mbili tofauti. Na CD yenyewe isitupwe! Iwekwe kwenye kasha lake, mbali na jua, kwa sababu CD iliyochomwa kwenye kompyuta huharibiwa na jua. Kabla hujaitundika shambani kufukuza ndege, jiulize imebeba sauti ya nani.

Mwisho wa kisa

Tuliiosha ile CD, tukaazima kompyuta nyingine, tukaiacha isome mchana kutwa. Karibu maneno yote ya mama yalirudi. Mahali pawili palishindikana, sekunde chache tu. Hatukupajaza kwa makisio. Rafiki yake wa siku za mwanzo alitueleza anachokumbuka, na katibu akaandika kitabuni: hapa sauti ilipotea, na haya ni maneno ya shahidi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Kikundi chetu kina CD ngapi, na ni zipi ambazo hazina nakala nyingine?
- Nani atazinakili, na nani mwingine atahakikisha kwa kusikiliza?
- Nakala mbili zitakaa kwa nani na nani?
- Ni wazee gani walio hai bado ambao hatujawarekodi?

*Kazi ya mwezi:* kila mwanachama alete CD moja ya zamani kwenye mkutano ujao. Tuanze na iliyokwaruzika zaidi, maana hiyo haitungoji.