SOMO: KIPIMO CHA ULTRASAUNDI KILITOKA KIWANDANI



Akina mama wengi mashambani wakiambiwa waende kupimwa kwa ultrasaundi huogopa. Hudhani ni eksirei, na kwamba itamdhuru mtoto tumboni. Tujifunze pamoja.

1. Inafanyaje kazi?
Tukitaka kujua kama pipa limejaa au ni tupu, tunaligonga na kusikiliza. Ultrasaundi nayo hugonga kwa sauti, ila ni sauti ambayo sikio haliwezi kuisikia. Sikio letu hukomea kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutumia mamilioni. Mgonjwa hupakwa jeli ili hewa isizuie sauti. Sauti ikikuta maji, nyama au mfupa, mwangwi hurudi, na mashine huugeuza kuwa picha. Mionzi ya eksirei haimo.

2. Ilitoka wapi?
Mafundi wa viwandani walikuwa wakitumia sauti hii kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 Dk. Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alipeleka uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kwenye kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox, Renfrew. Ulipimwa kwa mashine ya chuma, ikaonekana kuwa uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hutoa mwangwi tofauti. Mhandisi Tom Brown akaunda naye mashine ya hospitali. Mwaka 1958 wao na Dk. John MacVicar walitangaza matokeo.

3. Ina faida gani?
Huonyesha umri wa mimba, mapacha, na kondo lililoziba njia ya uzazi. Mama akijua mapema hujiandaa kujifungulia hospitali, asije akatokwa damu kambini. Lakini picha bila mtaalamu wa kuisoma haisaidii kitu.

4. Tudai nini?
Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24. Pendekezo Namba 191 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2000, linasema mjamzito aruhusiwe kutoka kazini kwenda kupimwa, baada ya kumwarifu mwajiri. Malipo ya siku hiyo na usafiri tuyadai wenyewe katika mkataba. Mama anayekatwa siku hatakwenda kupimwa.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Kipimo kilicho karibu nasi kiko wapi, na nauli ni kiasi gani?
(b) Mkataba wetu unasema nini juu ya ruhusa ya kliniki?