Asili na Kinyume cha Asili katika Mchezo wa "Makbeth"



Mchezo wa Shakespeare uitwao Macbeth ulifasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi, nao ukatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Miaka tuliyofundisha chuo cha ualimu tuliusoma na wanachuo wengi. Tukiwauliza ni nani mwenye makosa, karibu kila darasa lilijibu: wale wachawi watatu. Jibu hilo halituridhishi hata leo.

Kisa chenyewe twakijua. Jemadari Makbeth anatoka vitani, wachawi wanamwambia kuwa atakuwa mfalme. Naye Mfalme Duncan anapokuja kulala nyumbani kwake, anamwua kwa kisu. Kisha mzee mmoja na mwenzake wasimulia maajabu: mchana umekuwa giza, bundi mla panya amemwua kipanga, farasi wa mfalme wamevunja zizi wakatafunana. Kwetu milimani bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuulizana ni nani aliyemtuma. Mzee wa mchezo haulizi hivyo. Yeye asema mambo hayo ni kinyume cha asili, sawasawa na tendo lililotendeka. Basi tulitazame tendo.

Duncan wa historia aliuawa vitani mwaka 1040. Shakespeare ndiye aliyemleta alale kitandani kama mgeni wa Makbeth, ili tuone ubaya wake. Makbeth mwenyewe ahesabu: mimi ni jamaa yake, ni raia wake, tena ni mwenyeji ninayepaswa kumfungia muuaji mlango. Na katika kitabu cha historia alichokitumia Shakespeare, mama zao wawili ni ndugu. Waluguru, ambao ukoo wao hufuata mama, hawahitaji maelezo hapo: watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu wa ukoo mmoja. Ni Kaini na Habili.

Mkewe naye awaomba pepo wamwondolee hali ya kike, maziwa yake yageuke nyongo. Lakini usiku ule hakuweza kumchoma mfalme kwa mkono wake, kwa kuwa alipolala alifanana na baba yake. Tulipofika hapo darasa lilikuwa likinyamaza. Asili yake haikufa. Baadaye yamwamsha usingizini, ananawa mikono isiyotakata, na mganga akiri kwamba huyu amhitaji kasisi kuliko tabibu.

Je, wachawi? Banquo aliyasikia maneno yao pamoja na Makbeth, wala hakuua mtu. Usiku aliomba azuiliwe mawazo mabaya yanayomjia mtu apumzikapo. Alijua kwamba asili yetu nayo si safi, yahitaji msaada.

Tukumbuke pia zama zenyewe. Mchezo huu uliandikwa yapata mwaka 1606, chini ya Mfalme James, yule ambaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huitwa kwa jina lake. Mfalme huyo alikuwa ametunga kitabu juu ya uchawi mwaka 1597, na huko kwao Uskoti wanawake walichomwa moto kwa shutuma hiyo. Mbele ya mfalme kama huyo, Shakespeare aliwaonyesha wachawi waziwazi, lakini kisu alikiweka mkononi mwa ndugu.

Katika nchi yetu vikongwe wamepigwa, hata kuuawa, kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Walioyapikiwa matumbo yao kwa moshi huo ni wana na wapwa, na mara nyingine ndio wanaoanza kunong'ona.

Kwa vikundi vya kujifunza: someni Mwanzo sura ya 4, kisha mzungumze. Jirani akituambia kwamba bibi fulani ndiye aliyemtuma bundi, tutafanyaje usiku ule kabla ya kulala, na asubuhi tutakwenda nyumbani kwa nani?