SOMO LA AFYA: Mazoezi ya Mwili, na Saa za Kuyafanyia



Katika mkutano mmoja wa tawi letu hapa Jinja, mwuguzi alikuja kutueleza habari za presha na kutuhimiza tufanye mazoezi ya viungo. Alipomaliza, mama mmoja wa idara ya kusokota nyuzi alisimama. Alisema: "Naamka saa kumi alfajiri. Nachota maji, nakoroga uji, namwamsha huyu, namvika yule. Saa kumi na mbili na nusu niko langoni, kisha nasimama kwenye mashine mpaka jioni. Nikirudi nakuta kuni, sufuria na watoto. Hayo mazoezi niyafanye saa ngapi? Na ya nini, iwapo mwili umekwisha choka?" Watu walicheka na kupiga makofi, na mwuguzi hakuwa na jibu. Somo hili ni jaribio la kumjibu. Mama yule aliuliza mambo mawili, moja la mwili na moja la saa, nasi tutayachukua moja moja.

Tuanze na mwili. Wengi wetu husema, kazi yangu ndiyo mazoezi yangu. Neno hilo ni kweli nusu tu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Walikuwa na mwajiri mmoja na basi moja, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Basi fundi wa cherehani, dereva wa trekta, karani wa mizani na mlinzi wa lango wajione hapo: hao ndio madereva wetu wa London. Kwao kutembea kwa haraka ni dawa.

Lakini mchuma chai je? Na mkata miwa, na mpakiaji wa magunia? Mwaka 2021 ulitoka uchunguzi mwingine, wa watu zaidi ya 100,000 wa mji wa Copenhagen. Waliotumia nguvu sana katika saa zao wenyewe walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache. Waliotumia nguvu sana kazini walipata kwa wingi zaidi. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu zote, ila maelezo moja yataeleweka na kila aliyewahi kubeba kikapu mgongoni. Mazoezi ni ya muda mfupi, mwili wote hushiriki, kisha unapumzika unapotaka. Kazi ya shamba ni saa nane au tisa, misuli ile ile, mgongo umeinama, na anayeamua upumzike lini ni nyapara. Moyo hupigishwa mbio kutwa nzima bila kuachiwa.

Kwa hiyo mchuma chai asiambiwe akimbie jioni. Mwili wake unataka kitu kingine: kunyooshwa pale ulipokunjwa, kuimarishwa mgongo na tumbo, na kupumzishwa. Akifika mwisho wa mstari atue kikapu, aweke mikono kiunoni, ajipinde nyuma polepole mara tano, azungushe mabega, anyooshe vidole. Ni dakika mbili. Jioni, alale chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini, ainue kiuno na kukishusha mara kumi. Mtoto mdogo akimkalia tumboni, na kwa kawaida atamkalia, huo ni uzito wa bure.

Sasa kiasi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli ya wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Shughuli ya wastani ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi. Gawanya 150 kwa siku saba: ni dakika 21 na kidogo. Jambo la kumfurahisha mzazi ni hili: zamani walisema usihesabu chochote kisichofika dakika kumi mfululizo. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Dakika nne za kwenda dukani kwa hatua ya haraka zinahesabiwa. Kuruka kamba na watoto uani kunahesabiwa, na kucheza nao mpira wa matambara pia, mradi baba asisimame golini muda wote. (Mwenye presha, mwenye mimba na mwenye maumivu ya kifua aulize zahanati kwanza.)

Hapo tumefika kwenye swali la pili, la saa, na nitasema jambo ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda. Jumapili sisi tunakwenda uwanjani. Saa mbili, tatu, na kurudi tumeridhika. Nani amebaki na watoto? Katika nyumba nyingi za kambi zetu baba anapata mazoezi kwa sababu mama hapati. Tunadai kazini kwamba saa za kazi zigawanywe kwa haki, halafu nyumbani tunakuwa manyapara.

Mimi na mke wangu tulikubaliana hivi: Jumanne na Alhamisi jiko ni langu, naye anakwenda kutembea na jirani zake wawili kabla giza halijaingia. Wanakwenda watatu kwa sababu barabara ile si ya mwanamke kupita peke yake. Juma la kwanza posho yangu ilikuwa mbichi katikati, na watoto walisema wazi. Juma la nne hawakusema kitu. Ratiba hiyo huvunjika zamu za usiku zinapoanza, nasi huipanga upya.

Lakini ugawaji wa nyumbani una mpaka wake. Wazazi wawili wakitoka kazini wote saa moja usiku, hakuna cha kugawana. Ndiyo maana jambo hili ni la chama pia. Huko Japan mazoezi yanayoongozwa na redio yalianza mwaka 1928, na viwanda vingi vina desturi ya mazoezi kabla ya kazi. Ni jambo jema, ila mfanyakazi huuliza: kwa saa za nani? Wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Nagasaki walikwenda mahakamani, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Japan ikaamua kwamba muda wa kuvaa nguo za kazi kiwandani kwa amri ya mwajiri, na wa kutembea hadi mahali pa mazoezi ya kuanzia kazi, ni muda wa kazi. Mwajiri akitaka tunyooshe viungo, na saa ianze kuhesabiwa.

Ndugu zetu wa Tanzania Bara wana sheria ya mwaka 2004 inayompa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na mama anyonyeshaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inadai siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2006 inataja saa 48 kwa juma na saa 24 mfululizo za kupumzika. Mapumziko yanayomezwa na foleni ya mizani au ya chakula yamepotea, hata kama yameandikwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Katika idara yako, mapumziko ya mchana ni dakika ngapi kwa maandishi, na ni ngapi kwa saa ya ukutani? Pimeni siku tatu, mwandike. Foleni gani ingeweza kufupishwa kwa kuongeza mizani moja au mpakuaji mmoja? Na kila baba ajibu mbele ya wenzake: Jumapili iliyopita, mke wako alipata dakika ngapi zake mwenyewe?