Maziwa Lala, Tumbo na Moyo Mzito
Kijitabu cha afya kwa nyumba za Ngao, Garsen na vijiji vya Delta ya Tana

Mtu akiingiwa na wasiwasi, mara nyingi tumbo ndilo hutangulia kusema. Mtoto huharisha asubuhi ya mtihani. Mto Tana ukifura usiku na maji yakikaribia mlango, chakula hakipiti kooni. Utumbo na ubongo huwasiliana saa zote, kupitia damu, kinga ya mwili na mishipa ya fahamu. Mkubwa katika mishipa hiyo huitwa vagasi. Hutoka chini ya ubongo, hupita shingoni na kifuani hadi tumboni, na habari nyingi ndani yake hupanda juu kuliko zinazoshuka.

Utumboni pia wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni rafiki zetu. Hula nyuzinyuzi za chakula tusizoweza kuzisaga wenyewe, kisha hutoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Bakteria hai wa manufaa tunaowala au kuwanywa kwa makusudi huitwa probayotiki, na maziwa lala yana jamaa zao. Huko Mwanza, Tanzania, kina mama wa mtaa wa Mabatini walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wa aina hiyo uitwao Fiti, wakishirikiana na watafiti, ili kuwalisha majirani, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Je, maziwa lala yanatibu sonona, yaani ugonjwa wa moyo mzito? Hapana, na tunalisema waziwazi kwa sababu kuna wanaouza makopo ya probayotiki kwa ahadi hiyo. Mwaka 2011 watafiti waliwapa panya bakteria wa aina moja, na woga wa panya hao ukapungua. Walipoukata mshipa wa vagasi, faida ikatoweka. Lakini bakteria hao hao walipojaribiwa kwa wanaume wenye afya, matokeo yakatangazwa mwaka 2017, hawakupunguza msongo wa mawazo. Baadaye, mwaka 2023, utafiti mdogo wa London uliwahusu watu 49 waliokuwa tayari wakimeza dawa za sonona bila kupona vya kutosha. Waliopewa probayotiki kwa wiki 8, juu ya dawa zao, walipata nafuu zaidi ya wenzao. Hiyo ni nyongeza juu ya matibabu. Usiache vidonge vyako kwa sababu umepata maziwa lala mazuri.

Mlo mzima una ushahidi wenye uzito zaidi. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu 67 wenye sonona. Kati ya waliosaidiwa kubadili chakula kwa miezi mitatu, wakala mboga, matunda, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, karibu theluthi moja walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu. Vyakula hivyo tunavyo: kunde na mchicha, samaki wa mtoni, ndizi, na maembe msimu wake ukifika. Na antibayotiki zisinunuliwe dukani kwa kila mafua, maana huua hata bakteria wema.

Sasa maziwa yenyewe. Wafugaji wetu wamegandisha maziwa katika vibuyu tangu zamani, na ni chakula chema, lakini maziwa mabichi yana hatari. Ugonjwa wa bruselosi hutoka kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na uchachu peke yake hauaminiki kuwamaliza vijidudu vyake. Huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu, hata kukata tamaa. Mtu anaweza kudhaniwa ana mawazo tu, kumbe anahitaji dawa ya bruselosi. Ukiwa na dalili hizo na huwa unakunywa maziwa mabichi, mwambie daktari ili upimwe.

Kwa hiyo chemsha kwanza. Povu likipanda, punguza moto na uyaache yatokote dakika chache huku ukikoroga. Yapoe hadi kidole kivumilie ndani bila kuungua. Tia vijiko viwili vya maziwa lala ya pakiti kwa kila lita. Ukitumia yaliyotokana na maziwa mabichi, utakuwa umerudisha vijidudu ulivyovichemsha. Funika kwa kitambaa safi yalale usiku kucha. Kibuyu kioshwe kwa maji yanayochemka kabla ya kufukizwa. Maziwa yakiota ukungu au yakinuka uozo, yamwage. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe. Yake ni ya mama pekee. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana asimeze vidonge vya probayotiki bila kumwuliza daktari.

Watu wa delta hii wamepitia mafuriko, ukame, na mauaji ya mwaka 2012 na 2013. Mwenye moyo mzito hapa hana udhaifu wa imani. Ikipita wiki mbili mtu hali, halali, hafurahii chochote au wasiwasi haumwachi, mpeleke Hospitali ya Ngao au kituo cha afya kilicho karibu, au anza na mhamasishaji wa afya wa kijiji. Sonona hutibiwa kwa mazungumzo ya ushauri, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Akisema anatamani kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake. Dawa za kunyunyizia mimea, kamba na vidonge viondolewe mikononi mwake, na simu ipigwe 1199, ya bure, ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inapingana na Katiba.