Picha Moja ya Kutazamwa Bremen

Mgeni anayefika Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, huanzia uwanja wa soko penye jumba la kale la baraza la mji, na hakosei. Hatua chache kutoka hapo kuna kichochoro cha matofali mekundu kiitwacho Böttcherstraße, chenye urefu wa kama mita 100, na humo ndimo yalimo makumbusho ya Paula Modersohn-Becker, yaliyofunguliwa mwaka 1927 kwa fedha za Ludwig Roselius, tajiri wa biashara ya kahawa. Yalikuwa ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya mchoraji mwanamke. Kuna picha moja humo inayostahili safari peke yake: ile aliyojichora Paris tarehe 25 Mei 1906. Ulizia kabla ya kusafiri, kwa maana huazimwa nchi nyingine, na Jumatatu makumbusho hufungwa. Ukiikuta, itazame kwanza kama kazi ya mikono. Habari za maisha yake zingoje.

Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona mwanamke aliye kifua wazi, nguo nyeupe imefungwa nyonga, mkono mmoja juu ya tumbo na mwingine chini yake, basi wanaamua kwamba ni mjamzito. Tena wamesikia kwamba Paula alifariki Novemba 1907, akiwa na miaka 31, wiki chache tu baada ya kujifungua binti, kwa hiyo wanasimama mbele ya picha kama walio matangani. Tarehe zinawakatalia. Binti alizaliwa miezi kumi na saba baada ya picha hii, na siku ile ya Mei Paula alikuwa amemwacha mumewe, Otto Modersohn, akaenda Paris kuchora. Hakujichora jinsi alivyokuwa. Tumbo lile alilibuni, kama alivyochagua rangi na mkao.

Kwa hiyo utulivu wa picha uutafute katika ufundi. Ilichorwa juu ya kadibodi, ina kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, na mwili unakaribia ukubwa wa mtu halisi. Simama mbali kwanza: mistari ya nje ya mabega na mikono ni mipana na mizito, kivuli ni kidogo, na nyuma yake hakuna chumba wala dirisha, ila rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, yenye madoa madogo. Macho makubwa yanakutazama bila kukuomba chochote. Hapo ndipo deni lake kwa Misri linapoonekana. Paula alizipenda sana picha za Fayum, zilizochorwa wakati wa utawala wa Kirumi na kuwekwa juu ya nyuso za maiti waliokaushwa, nazo zina macho ya namna hiyo hiyo. Kisha sogea karibu. Rangi haing'ai, imetulia kama udongo, na mkufu wa kaharabu shingoni ndio unaobeba joto la picha nzima. Nakala za vitabuni hulainisha haya yote, na ndiyo maana kadi ya posta haitoshi.

Kuna pingamizi la haki: msanii mwenyewe aliandika chini ya picha kwamba aliichora akiwa na miaka 30, katika siku yake ya sita ya kumbukumbu ya ndoa. Tutayawekaje maisha kando ilhali yeye ameyaandika? Jibu liko katika sahihi yake, P.B., yaani Paula Becker, jina la usichanani. Anaikumbuka ndoa na papo hapo anaacha jina la mume. Ukilisoma andiko hilo baada ya kuutazama mwili, utaona linaongeza uzito kwa kile ambacho mistari na rangi zimekwisha kusema. Ukianza nalo, macho hayatafuti tena kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kijiji cha Worpswede, alikoishi na alikozikwa, kiache kiwe cha siku ya pili, ingawa kiko karibu na basi la kutoka Bremen hufika huko. Sanamu iliyochongwa na Bernhard Hoetger kaburini pake ni ya mama aliyejilaza na mtoto. Ni nzuri, lakini anayeiona kwanza huibeba hadi mbele ya picha, akaona msiba mahali ambapo mchoraji aliweka ujasiri.