Maungio ya Tangi Kubwa la Samaki Lililotumika: Namna ya Kuyakagua Kabla ya Kulipa



Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na walio wengi kati yao hawapatikani kwingineko duniani. Kwa ajili ya rangi zao, samaki hao huvuliwa wakiwa hai, hutunzwa katika matangi na kusafirishwa hadi nchi za mbali. Ndiyo maana mkazi wa Ujiji au wa Kigoma mjini anaweza kukutana na tangi kubwa la kioo linalouzwa baada ya kutumika, iwe na mfanyabiashara wa samaki wa mapambo, hoteli au mtu binafsi anayehama.

Bei ya tangi la namna hiyo huvutia. Hata hivyo, anayelinunua hanunui kioo peke yake. Ananunua pia maungio, yaani kanda nyembamba za silikoni zinazoshikanisha kioo na kioo. Kioo kilichopasuka huonekana na kila mtu, lakini ungio lililochoka huweza kukaa kimya hadi siku tangi linapojazwa. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuyapima maungio hayo, na wakati gani ni busara kuacha kununua.

1. Mzigo unaobebwa na maungio

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba ya wageni Ujiji anayetaka kupamba ukumbi wake. Amepata tangi eneo la Mwanga lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Likijazwa hadi ukingoni huchukua lita 648. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hivyo maji peke yake ni kilo 648. Kama kioo chake kina unene wa milimita 12, kioo hicho huongeza karibu kilo 120. Jumla yake inazidi mifuko 15 ya saruji ya kilo 50, kabla ya kuweka mchanga na mawe.

Uzito huo hukandamiza sakafu. Maungio hubeba mzigo mwingine, yaani msukumo wa maji kuelekea nje. Katika tangi hili lililojaa, kioo cha mbele husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 324 hivi. Tangi lenye urefu uleule, lakini lenye kimo cha sentimita 30, kioo chake cha mbele husukumwa kwa kilo 81 tu. Kimo kimepungua kwa nusu, na msukumo umepungua hadi robo.

Fundisho lake ni hili: maji husukuma kwa kimo chake. Tangi refu kwenda juu linadai maungio madhubuti zaidi kuliko tangi fupi, hata kama yote mawili yanachukua lita zilezile. Muuzaji akitaja lita, nawe uliza kimo.

2. Silikoni mbili katika pembe moja

Ukitazama pembe ya tangi utaona silikoni ya aina mbili. Ya kwanza imo katikati ya kioo na kioo, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Ya pili ni ukanda uliopakwa upande wa ndani wa pembe, na kazi yake kubwa ni kuikinga ile ya kwanza dhidi ya ukwangukaji na uchafu.

Tofauti hii ni muhimu kwa mfuko wako. Ukanda wa ndani ukichakaa, huweza kubanduliwa wote na kupakwa upya. Silikoni ya katikati ikiachia, tangi halina budi kufumuliwa na kuunganishwa upya kioo kwa kioo, na gharama ya kazi hiyo huweza kuondoa faida yote ya kununua kilichotumika.

3. Ukaguzi wa tangi kavu

Nenda mchana, ukiwa na tochi, kitambaa safi na pima maji ya fundi mwashi. Futa maungio yote kwanza, kisha fuata hatua hizi.

a) Uliza historia. Limetumika miaka mingapi? Kwa nini liliondolewa maji? Limekaa kavu muda gani, ndani ya nyumba au uani juani? Limewahi kutengenezwa? Majibu hayatoshi kuthibitisha usalama, lakini muuzaji anayesitasita katika swali la mwisho amekwisha kukupa jibu.

b) Mulika kila ungio kutoka nje. Viputo vichache vidogo vilivyotawanyika huwa vya tangu tangi lilipotengenezwa. Viputo vilivyoungana na kuvuka upana wote wa ungio, kutoka ndani hadi nje, vinaweza kuwa njia ya maji. Doa jeupe au la kung'aa kama fedha linaashiria kwamba silikoni imeachana na kioo. Ukiona rangi ya kijani ya mwani ndani ya ungio lenyewe, fahamu kwamba maji yamekwisha kuingia humo.

c) Gusa ukanda wa ndani. Ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Silikoni nzima huwa na mnato wa mpira na hushika kioo. Iliyokauka, inayomeguka au inayoinuka pembeni imechoka. Kagua zaidi pembe za chini, maana ndipo msukumo ulipo mkubwa.

d) Tafuta ukoko mweupe. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, na tone linalovuja na kukauka huacha alama nyeupe. Mstari wa ukoko nje ya ungio ni kumbukumbu ya mvujo wa zamani. Muuzaji anaweza kuufuta kwenye kioo, hivyo kagua pia meza ya tangi: mbao zilizovimba au chuma kilichooza chini ya pembe moja husema kile ambacho kioo kilichosafishwa hakisemi.

e) Kagua kingo na mikanda ya juu. Matangi makubwa huwa na vipande vya kioo vilivyobandikwa juu, kandokando au kukatiza katikati, ili kuzuia kioo cha mbele kisipinde. Kama mkanda umeng'oka au umevunjika, usilijaze tangi hilo kabla halijatengenezwa. Kioo kilichomeguka pembeni hadi kufikia ungio ni sababu tosha ya kuliacha.

4. Ushahidi wa maji

Tangi lililopita ukaguzi mkavu bado halijathibitishwa. Lijazwe kabla hujalipa, na lijazwe pale kwa muuzaji.

Liwekwe nje au mahali ambapo maji yakimwagika hayataharibu kitu, juu ya sehemu iliyonyooka kwa pima maji, watoto wakiwa mbali. Zungushia kingo za chini karatasi kavu, maana karatasi huonyesha tone ambalo jicho hulikosa. Jaza theluthi moja, subiri saa moja na ukague. Jaza theluthi ya pili, subiri na ukague tena. Kisha jaza hadi kiwango cha matumizi, weka alama ya usawa wa maji kwa utepe, na uliache kwa saa 48 au zaidi.

Maji yanaweza kupungua kidogo juu kwa kuvukizwa na jua huku karatasi ikibaki kavu; huo si mvujo. Karatasi ikilowa, fuata unyevu kwenda juu hadi uone unapoanzia. Nyosha pia uzi mbele ya kioo kutoka pembe hadi pembe. Kioo kirefu hupinda kidogo kinapojazwa, na hilo ni la kawaida. Kikiendelea kupinda siku ya pili, ichukue kuwa dalili mbaya na uamuru maji yaondolewe.

Huenda muuzaji atasema, "Mzee, tangi hili nimekaa nalo miaka mingi, halijawahi kudondosha tone. Maji yote hayo ya nini?" Mjibu kwa adabu, na ujitolee kuyaleta maji mwenyewe. Tangi la mfano wetu linahitaji ndoo 32 hivi za lita 20. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo ni nafuu kuliko lita 648 kumwagika usiku katika ukumbi wenye magodoro, nyaya za umeme na watoto waliolala. Akikataa jaribio hata kwa gharama yako, tunakushauri usinunue.

5. "Paka silikoni tu, litashika"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika tangi la kioo, ufa hauzibwi kwa kupaka juu. Silikoni mpya haishiki vema juu ya silikoni ya zamani. Hushika kioo kilichokwanguliwa na kusafishwa. Ukiona ukanda mpya unaong'aa uliopakwa juu ya ukanda wa zamani, huo ni ufichaji wa kasoro.

Ikiwa kilichochakaa ni ukanda wa ndani tu, fundi mwenye uzoefu anaweza kuubandua wote kwa wembe na kupaka mwingine. Asitumie silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Muda wa kukauka ni ule ulioandikwa kwenye chombo chake, usiufupishe. Kisha jaribio la maji lirudiwe tangu mwanzo, na gharama yote ipunguzwe kwenye bei.

6. Kulibeba na kuliweka

Tangi husafirishwa tupu kabisa, bila mchanga wala mawe. Libebwe kwa kushikwa chini, si kwa mikanda ya juu, na lilazwe juu ya godoro katika gari lenye sakafu iliyonyooka. Tangi linapopindwa njiani, maungio huweza kuachia. Kwa hiyo lijaze tena kwa majaribio ukifika nyumbani, kabla ya kuweka samaki. Meza iwe imara na iliyonyooka. Soketi za umeme zisikae sakafuni chini ya tangi, na kila waya upinde chini ya usawa wa soketi kabla ya kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme.

7. Karatasi na haki zako

Ukinunua kwa mfanyabiashara, dai risiti. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano mbele ya shahidi, ikitaja vipimo vya tangi, unene wa kioo, matengenezo yaliyowahi kufanyika na matokeo ya jaribio la maji.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa husika auze bidhaa zenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea kinga hiyo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Ndiyo maana tunasisitiza: ukikagua, kagua kikamilifu, na uandike ulichokiona. Aliyedanganywa na mfanyabiashara anaweza kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Maswali ya kujipima

1. Matangi mawili yanachukua lita sawa, moja lina kimo cha sentimita 40 na jingine sentimita 70. Maungio ya lipi yanabeba msukumo mkubwa zaidi, na kwa nini?
2. Utatofautisha vipi kiputo cha kiwandani na kiputo ambacho ni njia ya maji?
3. Usawa wa maji umeshuka kidogo, karatasi zote ni kavu. Je, tangi linavuja?
4. Muuzaji anasema ungio "limeimarishwa" kwa silikoni mpya juu ya ya zamani. Utamjibu nini?

Kama umeweza kuyajibu yote manne, uko tayari kwenda kulitazama tangi. Nenda na tochi, pima maji na ndoo zako. Fedha ziache nyumbani hadi karatasi zilizo chini ya tangi zimalize saa 48 zikiwa kavu.